Fahamu: Ultrasaundi inavyoonyesha misuli na kano zikifanya kazi

Ni kipimo gani?
Ni ultrasaundi ileile anayopimwa mjamzito. Ngozi hupakwa jeli, kifaa hupitishwa juu yake, na mawimbi ya sauti yasiyosikika huunda picha papo hapo, bila mionzi.

Huonyesha nini?
Kano huunganisha msuli na mfupa. Iliyo nzima huonekana kama nyuzi angavu zilizolala sambamba. Iliyoumia mara nyingi hunenepa na kuwa na mabaka meusi. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anapovuta wavu, misuli hukaza na kano huvutika; mwendo wa aina hiyo huonekana kwenye picha.

Utafiti Afrika Mashariki
Utafiti wa mwaka 2014 uliwapima wakimbiaji mahiri wa Kenya kwa kipimo hiki. Kano zao za kisigino zilikuwa ndefu kuliko za Wajapani waliolinganishwa nao.

Kwa nini ni muhimu?
Msuli huweza kupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano huhitaji miezi. Ndiyo maana kazi nzito au mazoezi yaongezwe polepole, kano isije ikaumia. Kwa wavuvi na wapagazi wa pwani ya Lindi, mwili ndio mtaji: bega au kisigino kikiuma kwa wiki kadhaa, usiishie kuchua tu, muulize daktari kuhusu kipimo hiki.