Boksi la Bunduki ya Upepo Linavyopimwa Thamani

Bunduki ya upepo ya zamani iliyobaki na boksi lake la kiwandani huuzwa ghali kuliko ile isiyo nalo, na wakusanyaji wa Marekani, Uingereza na Ujerumani hulipigia boksi hesabu ya peke yake. Sababu kuu ni uchache. Mfano ni kampuni ya Daisy, iliyoanza mwaka 1882 mjini Plymouth, jimbo la Michigan, ikitengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji. Bunduki ilizitoa kwanza kama kivutio kwa wakulima walionunua vinu, zikaishia kuvipiku vinu vyenyewe sokoni. Red Ryder, bunduki yake iliyopewa jina la mchunga ng'ombe wa katuni za magazetini, ilikuwa zawadi ya watoto, na mtoto aliyepewa bunduki hana shughuli na boksi. Chuma na mbao vilidumu miaka mingi stoo, kadibodi ikaishia jikoni kuwashia moto.

Njia ya haraka ya kulipangia boksi bei ni kulinganisha mauzo ya mnadani. Tuseme bunduki ya aina moja imeuzwa dola 200 bila boksi, na nyingine dola 300 ikiwa na boksi. Wengi husema papo hapo kwamba boksi ni dola 100. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, kwa sababu bunduki iliyokaa ndani ya boksi kwa kawaida ndiyo iliyotumika kidogo: rangi ya chuma haijachubuka, kitako hakina mikwaruzo. Sehemu ya zile dola 100 ni malipo ya hali ya bunduki yenyewe. Mthamini makini hulinganisha bunduki zenye hali inayokaribiana, kisha ndipo anapotoa tofauti. Boksi tupu nalo lina soko jembamba, kwani mnunuzi wake ni mtu ambaye tayari ana bunduki ya toleo lile lile na amekosa boksi tu.

Kwa hiyo kabla ya bei huja swali la kama boksi na bunduki ni vya wakati mmoja. Hapa maandishi ya boksi husaidia sana. Daisy ilihamia Rogers, jimbo la Arkansas, mwaka 1958. Boksi lenye anwani ya Rogers haliwezi kuwa la bunduki iliyouzwa mpya mwaka 1950. Namba za posta za tarakimu tano zilianza Marekani mwaka 1963, na mistari myeusi ya kusomwa na mashine dukani ilianza kutumika mwaka 1974. Kwa bidhaa za Ujerumani, maneno yanayotaja Ujerumani Magharibi huliweka boksi kati ya 1949 na 1990. Bunduki nyingi za zamani za Diana, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na kiwanda mjini Rastatt, zimegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye chuma, hivyo ulinganisho hufanyika bila kubahatisha. Lebo ya ubavuni nayo isomwe: namba ya modeli na kipimo cha risasi vikitofautiana na bunduki iliyomo, mseto huo haustahili bei ya jozi halisi.

Hali ya boksi huangaliwa kwanza kwenye pembe za kifuniko, maana ndipo kadibodi hupasuka. Kufifia kwa rangi na madoa ya maji hushusha bei, lakini kinachoudhi zaidi ni utepe wa plastiki wa kubandikia: gundi yake hugeuka kahawia, hupenya ndani ya karatasi, na kuubandua hung'oa picha. Mpasuko ulioachwa kama ulivyo ni bora kuliko mpasuko uliozibwa hivyo. Karatasi ya maelekezo, kadi ya dhamana na vipande vya kuzuia bunduki isichezecheze huongeza thamani, hasa vikiwa vyote.

Maboksi ya kuiga yapo, na yakiuzwa kwa jina lake hayana ubaya. Shida ni yanayopitishwa kama asilia. Chini ya lenzi, chapa ya mashine ya kompyuta huonyesha vitone vidogo vilivyotawanyika bila mpango, ilhali chapa ya zamani ina vitone vya safu au rangi iliyolala bapa. Taa ya urujuanimno husaidia pia: karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya takriban 1950 zina kemikali za kuongeza weupe, nazo hung'aa kwa samawati. Boksi linalodaiwa kuwa la 1940 likimeremeta hivyo, lina jambo la kuelezwa. Kutomeremeta, hata hivyo, si uthibitisho wa ukale.

Boksi lililokwisha kuthaminiwa huwekwa mahali pakavu, mbali na jua, bila kubebeshwa mzigo juu. Bunduki iliyopakwa mafuta hufungwa kwanza kwa karatasi isiyo na asidi, maana mafuta yakifika kwenye kadibodi hayatoki tena. Wakati wa kusafirisha, boksi la asili huingizwa ndani ya katoni nyingine kubwa, na lebo ya posta hubandikwa kwenye katoni hiyo ya nje.