Lang'ata ile ile, Lang'ata nyingine

Ukishuka matatu Kawangware 46 ukatembea mpaka Riruta, hakuna kibao kitakachokuambia umevuka mpaka. Mitumba ni ile ile, mahindi ya kuchoma ni yale yale, na tope la mvua halibagui. Hata hivyo wadi ya Kawangware iko katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, na wadi ya Riruta iko Dagoretti Kusini. Kabla ya uchaguzi wa 2013 kote huku kulikuwa Dagoretti, basi. Tume ya uchaguzi ilichora mipaka mipya mwaka 2012, na Nairobi ikatoka maeneo bunge 8 hadi 17.

Mimi nahesabu mambo haya kwa sababu kazi yangu ni kuunda mifumo ya kompyuta, na orodha hizo mbili, ya 8 na ya 17, ndizo mfano bora niujuao wa kueleza kazi ambayo wengi huidhani ni nyepesi: kulinganisha modeli mbili na kusema kilichobadilika.

Modeli, kwa lugha yetu ya ofisini, ni mchoro wa mfumo ambao mashine pia inaweza kuusoma. Chukua mfumo wa kugawa basari. Utachora kisanduku cha Eneobunge, kisanduku cha Wadi, cha Shule, cha Mwombaji. Ndani ya Mwombaji utaweka jina, tarehe ya kuzaliwa, karo anayodaiwa. Mshale utatoka Wadi kwenda Eneobunge kuonyesha kwamba kila wadi ina eneo bunge lake. Kila kimoja kati ya hivyo, kisanduku, sifa iliyomo ndani yake, hata mshale, ni elementi. Modeli ya mfumo mdogo tu hufika elementi mia kadhaa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwenzangu kwenye kazi ya namna hiyo, katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri kando ya Barabara ya Naivasha. Jioni moja alifungua faili la modeli, akahamisha sifa moja tu, akahifadhi, akaenda zake. Asubuhi nikalinganisha faili lake na langu. Kompyuta ikaniambia mistari zaidi ya mia nne imebadilika. Nikampigia: "Bro, umefanya nini humu ndani?" Akaapa kwamba amegusa kitu kimoja. Nilimkasirikia nusu siku nzima, na alikuwa anasema kweli.

Kosa lilikuwa la chombo nilichotumia. Programu ya kulinganisha mafaili tunayoiita diff ilitoka maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1974. Iliandikwa na Douglas McIlroy, na mwaka 1976 yeye na James Hunt wakachapisha maelezo ya hesabu yake. Ni kazi ya akili sana, na mpaka leo waandishi wa programu huitumia kila siku. Lakini diff inaona mistari tu. Inauliza: ni mistari gani iliyobaki kwa mpangilio ule ule katika mafaili yote mawili? Iliyobaki nje ya hapo inaiita tofauti. Kwa barua, kwa shairi, kwa programu ya Java, inafaa, kwa kuwa humo mpangilio una maana. Katika modeli, kisanduku cha Shule kikitangulia cha Wadi ndani ya faili hakuna kilichobadilika. Chombo cha kuchorea cha mwenzangu kilipohifadhi, kilipanga visanduku upya kwa utaratibu wake chenyewe. Diff ikaona mtaa mzima umehama, kumbe ni kiti kimoja.

Kwa hiyo kuna zana zilizotengenezwa mahsusi kwa modeli. Ninayoitumia mimi ni EMF Compare, ambayo ni programu huria ya jumuiya ya Eclipse. Kinachonivutia ni kwamba haianzi kutafuta tofauti. Kwanza inaoanisha: kila elementi ya upande wa kushoto inatafutiwa mwenzake wa kulia. Ikishamaliza hapo ndipo inapotangaza kwamba hiki kimeongezwa, hiki kimefutwa, hiki kimebadilishwa sifa, hiki kimehama kutoka kwa mzazi huyu kwenda kwa yule. Ikikosea kuoanisha, ripoti yote inayofuata ni uongo uliopangwa vizuri.

Sasa rudi kwenye maeneo bunge. Weka orodha ya kabla ya 2013 kushoto, ya baadaye kulia, uoanishe kwa majina. Makadara kwa Makadara, Kamukunji kwa Kamukunji, sawa. Dagoretti haina mwenzake, kwa hiyo itaambiwa imefutwa, na Dagoretti Kaskazini na Kusini zitaambiwa zimezaliwa. Embakasi nayo imefutwa, zimezaliwa tano. Si taarifa nzuri, ila angalau inakushtua uende kutazama. Inayonitisha mimi ni Lang'ata. Jina liko kushoto, jina liko kulia, mashine inaoanisha bila wasiwasi. Lakini Lang'ata ya kushoto ilikuwa na Kibera ndani yake. Ya kulia haina, maana Kibera ilitolewa ikawa eneo bunge la Kibra. Ukiuhamisha mfumo wa basari kwa kuoanisha majina tu, mwanafunzi wa Lindi au Laini Saba aliyeandikwa Lang'ata mwaka 2011 atabaki Lang'ata, na fomu yake itatua katika ofisi isiyomhusu. Kasarani ni vilevile: jina limebaki, Roysambu na Ruaraka zimetoka.

Kuna na vituko vidogo. Wengine huandika Lang'ata na wengine Langata, bila ile alama ya juu. Kibera ya mdomoni ni Kibra kwenye karatasi za serikali. Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi itaapa kwamba hivyo ni vitu viwili. Ndiyo maana zana kama EMF Compare, isipopata kitambulisho, hupima ufanano: majina yamekaribiana kiasi gani, sifa za ndani zinalingana vipi, elementi imekaa wapi katika modeli. Kukisia huko husaidia sana, lakini bado ni kukisia. Mimi huwa nasoma jozi zote zilizooanishwa kwa njia hiyo, moja baada ya nyingine, kabla sijaamini chochote.

Njia madhubuti ni kitambulisho: kila elementi ipewe namba siku ya kuzaliwa, na namba isibadilike hata jina likibadilika. Mfano uko jirani, Kibera. Mwaka 2009 vijana wa huko, chini ya mradi wa Map Kibera, walianza kuchora vichochoro, mabomba ya maji, vyoo na shule zao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Katika ramani hiyo kila nukta ina namba yake, na kila ikiguswa namba ya toleo hupanda: toleo la 1, la 2, la 3. Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Tuseme shule moja imefungua tena mahali pengine. Mchoraji akiivuta nukta mpaka mahali papya, namba inabaki na ukilinganisha utaona "imehama". Akiifuta na kuchora nyingine, namba ni mpya, na ramani inasema shule moja imekufa na nyingine imezaliwa. Kwa macho, ramani hizo mbili hazina tofauti yoyote. Kwa anayefuatilia shule hiyo ni hadithi mbili. Katika modeli ni hivyo hivyo: usifute kisanduku na kukichora upya kwa sababu tu kimekaa vibaya.

Kisha kuna suala la nani kabadilisha. Kwangu Mwombaji ana sifa ya simu ya mzazi, kwa mwenzangu hana. Mimi nimeiongeza au yeye ameifuta? Modeli mbili haziwezi kujibu. Inahitajika ya tatu, lile toleo tulilokuwa nalo sote kabla ya kuachana. Kama humo sifa haimo, mimi nimeiongeza. Kama imo, yeye ameifuta. Nimeona watu wakilinganisha mbili mbili na kugombana wiki nzima. Ukiwa na la tatu, migongano mingi hujifuta yenyewe, na inayobaki ni ile ya kweli, kama mimi kubadilisha jina la Mwombaji kuwa Mwanafunzi huku yeye amekifuta kisanduku kizima. Hapo zana inanyamaza na kuwaachia mzungumze.

Wenzangu mnaotunza mifumo yenye maeneo bunge ndani yake, nawaomba jambo moja. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na miaka 12 tangu 2012 ilitimia Machi 2024. Mipaka mipya itakuja, leo au kesho. Najua wengi wenu mmetumia namba za tume, Lang'ata 277 na Kibra 278, kama vitambulisho. Namba hizo ni za orodha ya tume, na tume inaweza kuipanga upya itakapogawa tena. Ziwekeni kama sifa, na kila eneo mlipe kitambulisho chenu wenyewe, sasa hivi orodha ikiwa bado imetulia.