Ukitishiwa picha zako mtandaoni, usitume hela!

Leo tuongee jambo ambalo hapa kafe linasemwa kwa kunong'ona: watoto kutongozwa mtandaoni, kuombwa picha za utupu, halafu kutishiwa.

Wengi tunadhani mhusika ni mzee fulani aliyejificha Ulaya. Wapi! Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT walitoa ripoti ya Tanzania. Walikadiria watoto kama 200,000 wa miaka 12 hadi 17 walifanyiwa ukatili huu ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari.

Mchezo wenyewe unaendaga hivi. Jamaa anaanza na salamu, anakutumia vocha, anakusifia. Mkishazoeana anaomba picha ya kawaida, kesho anataka uvue kidogo. Ukituma moja tu, anageuka: tuma nyingine au hela ya M-Pesa, la sivyo darasa zima litaiona. Hapo ndo dogo anaacha kula, anaacha hata shule. Na ukilipa haiishi, keshokutwa anarudi maana keshajua unatoa.

Ikikukuta wewe au mdogo wako, usilipe na usifute meseji, huo ndo ushahidi. Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, au nenda polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna pia huduma ya bure ya Marekani, Take It Down, ilianza 2023. Inatengeneza alama ya picha hukohuko kwenye simu yako, picha yenyewe haiendi popote, kisha mitandao iliyojiunga kama Facebook na Instagram inaitumia kuitafuta na kuiondoa. Kwa WhatsApp haifanyi kazi.

Na nyie mnaosambaza kwenye magrupu "cheki huyu wa fomu tuu", mmo humohumo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13: faini isiyopungua milioni 50, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kusema alituma mwenyewe hakufuti kosa lako la kusambaza.

Halafu mkitoka kafe fungeni akaunti zenu jamani. Juzi nimekaa kwenye mashine nikakuta Facebook ya binti iko wazi, meseji zote zinasomeka. Nikaifunga. Angekaa mwingine je?