Muhula Mmoja Ng'ambo: Kozi Hazichaguliwi Uwanja wa Ndege

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba kijana wa jirani amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani au Uswidi kwa muhula mmoja, halafu arudi amalizie shahada yake hapa nyumbani. Nafasi hizi zimeongezeka tangu mwaka 2015, wakati mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya ulipofungulia mlango vyuo vikuu vilivyo nje ya Ulaya kubadilishana wanafunzi na vyuo vya huko. Habari ikifika nyumbani watu hufurahi. Mama anasimamishwa kila anakopita. Watu wanachanga pesa za viza na za koti la baridi. Kila mtu anauliza habari za ndege na theluji, lakini ni wachache wanaouliza lile swali lenye uzito: huyu mtoto anaenda kusoma masomo gani hasa, na akirudi, chuo chake kitayakubali?

Mimi ninayeandika makala haya nilikwenda Ujerumani mwaka 2017, nikiwa mwaka wa tatu. Nilihudhuria kozi sita. Nilirudi na kozi nne. Zile mbili sikufeli, wala sikutoroka darasa hata siku moja. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani, basi. Nitaeleza jambo hilo likifika mahali pake, maana kuna hatua za mbele yake ambazo mwanafunzi akizikosea hata mtihani hautamsaidia.

Kwanza ni lazima tuelewe tofauti. Hapa kwetu mwanafunzi hachagui mengi. Ukiingia mwaka wa pili unakuta idara imekwisha kupanga yuniti zako. Unazijaza, unalipa karo, na darasa zima mnatembea pamoja mpaka mwisho. Ukifika kule kama mwanafunzi wa kubadilishana, hakuna darasa lako. Unapewa orodha ndefu ya kozi, nyingine za mwaka wa kwanza, nyingine za shahada ya pili, nyingi za Kijerumani na chache za Kiingereza, kisha unaambiwa ujipangie ratiba. Hakuna atakayekuja kukuuliza kama umejipanga. Wao hawana ubaya. Wanaamini mtu aliyefika chuo kikuu ni mtu mzima.

Tena hesabu yao ya masomo si yetu. Huku tunahesabu yuniti, na nyingi zimepangwa kwa saa 45 za darasani. Kule wanahesabu krediti za ECTS. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, hivyo muhula mmoja ni 30. Krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, na hapo wamehesabu saa za darasani pamoja na saa unazosoma peke yako, unazoandika insha na unazojitayarisha kwa mtihani. Kozi nyingi Ujerumani huwa na krediti 5 au 6, kwa hiyo muhula unajaa kwa kozi tano au sita tu. Uswidi kozi nyingi ni za krediti 7.5, na mara nyingi mwanafunzi anasoma moja au mbili kwa wakati, anafanya mtihani, ndipo anaanza nyingine. Mwanafunzi aliyezoea yuniti saba au nane huona kozi tano kuwa mchezo na kujiongezea mbili. Kufikia mwezi wa pili analala saa nane za usiku.

Karatasi yenye sahihi tatu

Sasa tufike kwenye hati inayoitwa Learning Agreement, yaani mkataba wa masomo. Kama mzazi atataka kuona karatasi moja tu kabla mtoto hajapanda ndege, na aombe hii. Ina sehemu mbili zinazotazamana. Sehemu moja inaorodhesha kozi ambazo mwanafunzi atasoma kule na krediti zake. Sehemu ya pili inaonyesha yuniti za chuo chake cha nyumbani ambazo kozi hizo zitashika nafasi yake. Inatiwa sahihi na watu watatu: mwanafunzi mwenyewe, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea.

Ile sehemu ya pili ndiyo hujazwa kwa haraka haraka. Mratibu ana wanafunzi wengi, tarehe ya mwisho ni kesho, basi panaandikwa "yuniti za muhula wa kwanza" na kazi inakwisha. Usikubali hivyo. Nenda kwa mwenyekiti wa idara yako ukiwa na maelezo kamili ya kila kozi: mada zinazofundishwa, saa, vitabu, na namna ya kutahiniwa. Vyuo vya Ujerumani huweka maelezo haya katika kitabu kinachoitwa Modulhandbuch, ambacho kwa kawaida unaweza kukisoma kwenye tovuti ya chuo hata kabla hujaondoka. Idara ione mada, si jina. Kozi yangu moja ya takwimu ilikuwa na jina karibu sawa na yuniti yetu, lakini nilipofungua maelezo nikakuta nusu yake tulikwisha kuisoma mwaka wa pili, na ile nusu iliyobaki ilitaka programu ya kompyuta ambayo sijawahi kuiona. Ningeichukua kwa kuliamini jina ningekuwa nimejifunga.

Jambo lingine hapo: angalia lugha na kiwango. Kozi ikifundishwa kwa Kijerumani, wengi hutaka uwe umefikia B1 au B2. Kozi za Kiingereza ziko nyingi zaidi katika shahada ya pili, na chuo kingine hakimruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuzichukua bila idhini. Kwa hiyo usiweke kozi tano tu kwenye orodha yako ya matarajio. Weka nane au tisa, na idara yako izipitie zote mapema, ili moja ikikwama usianze kutafuta mwenyekiti kwa simu kutoka mbali.

Kukwama kutakuwako, usiwe na shaka. Utafika na kukuta kozi mbili zinagongana siku ya Jumanne, au moja haifundishwi muhula huo. Mpango wenyewe unaruhusu mkataba kubadilishwa, na kwa kawaida mabadiliko yanaombwa ndani ya wiki tano tangu muhula kuanza. Lakini yanataka zile sahihi tatu tena. Wengi hubadilisha kozi kwa mdomo, mhadhiri wa kule anasema "hakuna matata", na miezi sita baadaye idara ya nyumbani inashangaa: hii kozi imetoka wapi?

Usisahau pia kujiandikisha kwenu. Watu hudhani wakishapokewa kule, chuo cha hapa kimewaweka kando mpaka warudi. Muulize msajili kwa maandishi jinsi jina lako litakavyoonekana muhula huo. Erasmus+ haimlipishi mwanafunzi karo ya masomo katika chuo kinachompokea, lakini chuo cha nyumbani kinaweza kuendelea kudai karo yake, na asiyejiandikisha huenda akakuta hakuna mahali pa kuingizia alama zake. Habari za alama zilizopotea sote tunazijua hata bila kuvuka bahari.

Kuingia darasani si kujiandikisha kwa mtihani

Muhula wa baridi wa vyuo vikuu vya Ujerumani unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, na ule wa kiangazi tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba. Mihadhara yenyewe huanza karibu katikati ya Oktoba na kwisha Februari. Semina zenye nafasi chache hujazwa mapema kwa kompyuta, na mgeni ambaye bado hajapewa namba yake ya usajili hawezi kuingia. Akipata namba, semina imejaa. Usikate tamaa. Mwandikie mhadhiri kwa heshima, umwambie wewe ni mwanafunzi wa kubadilishana, kisha uende siku ya kwanza. Siku hiyo wengine hawafiki, na nafasi hupatikana. Na ujue kusoma ratiba: ikiandikwa "10 c.t." somo linaanza saa nne na robo asubuhi, ikiwa ni "s.t." linaanza saa nne kamili. Wiki ya kwanza nilikaa peke yangu katika jumba tupu nikadhani wamegoma.

Sasa lile lililonipata. Hapa kwetu ukishajiandikisha kwa yuniti, ukafanya zile CAT na kumaliza karo, mtihani ni wako. Ujerumani mambo hayo ni mawili mbalimbali. Kujiandikisha kwa kozi kunakupa kiti. Kujiandikisha kwa mtihani, wanakoita Prüfungsanmeldung, ni jambo la pekee, lina muda wake wa kufunguliwa na kufungwa, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Pengine linafanywa kwa kompyuta. Pengine mgeni anajaza fomu na kuipeleka ofisi ya mitihani, Prüfungsamt. Mahali pengine hutofautiana hata ndani ya chuo kimoja, kitivo hiki hivi na kile vile.

Mimi kozi nne zilikuwa za kitivo kimoja, na kwa hizo nilijiandikisha kwa kompyuta pamoja na wenzangu. Mbili zilikuwa za kitivo kingine kilichotaka fomu. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilifanya mazoezi yote ya kila wiki. Siku ya mtihani, mwezi wa Februari, nilitoa kitambulisho, msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, akarudia tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba siwezi kuketi. Nilikwenda ofisi ya mitihani mbio. Yule mama alinisikiliza vizuri, akanionyesha tarehe ukutani. Ilikuwa imepita siku kumi na tisa.

Nilisimama pale nikiwaza vile baba alivyouza ndama ili nipate nauli ya kwenda na kurudi ubalozini.

Kwa hiyo katika wiki ya kwanza, mwulize kila mhadhiri maneno matatu: mtihani ni wa namna gani, unajiandikisha wapi, na mwisho ni lini. Yaandike. Ukiisha kujiandikisha, piga chapa ukurasa unaoonyesha jina lako. Na kuna upande wa pili wa shilingi hiyo: aliyejiandikisha asipotokea bila sababu, katika vyuo vingi huhesabiwa amefeli. Ukiona umebeba mzigo mzito, jiondoe kabla ya tarehe ya kujiondoa kupita. Ukiugua siku hiyo, tafuta cheti cha daktari siku hiyo hiyo.

Semina zina shida yake. Nyingi hazina mtihani wa kuketi. Unatoa hotuba fupi mbele ya wenzako, kisha unaandika insha ndefu ambayo huenda ikapokewa hata mwezi Machi. Vyuo vingi vya kwetu vinafungua muhula mwingine Januari, wakati wewe mihadhara ya kule haijaisha. Mgongano huu uzungumzwe na idara kabla ya safari, na mhadhiri wa semina aelezwe mapema kwamba unahitaji alama zako kwa tarehe fulani. Wengine watakubali insha ije mapema. Ukiwaambia Februari umechelewa.

Kuhusu alama zenyewe, wazazi wasishtuke. Nilimpigia mama simu kumwambia nimepata moja nukta tatu. Kimya kikawa kirefu. "Mwanangu," akasema, "kwani huko hamli vizuri?" Ilibidi nimweleze kwamba kule 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na 5.0 ni kufeli. Idara za hapa nazo hazijui wote jinsi ya kugeuza alama hizo ziwe za kwetu, basi waulize kabla hujaondoka watatumia jedwali gani, na wakupe nakala yake.

Matokeo yakitangazwa, chuo kilichokupokea huandaa hati ya matokeo, na kwa kawaida haipaswi kuchukua zaidi ya wiki tano. Hati hiyo inatumwa kwako na kwa chuo chako. Usingoje ya chuo. Chukua yako, piga nakala, na uipeleke kwa mwenyekiti wa idara na kwa msajili ukiwa na ule mkataba wa sahihi tatu. Nakala moja wakugongee muhuri wa kupokea. Hifadhi pia maelezo ya kila kozi uliyosoma, maana tovuti hubadilishwa, na ukiombwa maelezo hayo baada ya miaka mitatu unapotafuta nafasi ya shahada ya pili, unaweza kukuta hayapo tena.

Kozi zangu nne zilikubaliwa bila maneno, kwa sababu mkataba ulikuwa umejazwa vizuri pande zote mbili. Zile yuniti mbili nilizisoma mwaka uliofuata, nikiketi na darasa lililokuwa nyuma yetu, na karo yake ililipwa na ndama wa pili.