Kosa ni la Chumba, Si la Spika

Hapa Bagamoyo twasikia malalamiko: spika kubwa zimenunuliwa, lakini taarabu ikilia chumbani maneno hayashikiki. Sisi twasema kosa ni la chumba. Sakafu ya saruji, kuta za lipu na bati tupu huirudisha sauti kama ukuta urudishavyo mpira. Ndugu msomaji, piga kofi chumbani mwako. Mlio ukirindima, ugonjwa umeujua.

Dawa yake si ghali. Sauti humezwa na kitu kinene chenye vitundu. Trei za mayai wanazobandika vijana ni nyembamba. Hugusa sauti za juu kidogo tu, wala hazimkingi jirani na kelele. Godoro kuukuu la sufi au la usumba, likisimamishwa mkabala wa spika na kuachiwa nafasi ya shubiri moja nyuma yake, hufanya kazi zaidi, hata kwa mlio mzito wa ngoma. Pazia zito lenye mikunjo husaidia pia.

Lakini tuhadhari: vitu hivi hushika moto upesi. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo ulioteketea mwaka 2002 utukumbushe kuweka mbali nyaya na mishumaa. Kujitegemea ni kutanguliza akili, mkoba ufuate.