Je, Wajua? Gitaa Lililobeba Ngoma za Samba

Je, wajua kuwa mpiga gitaa mmoja anaweza kufanya kazi ya wapiga ngoma wawili wa samba, tena akiwa ameketi kitini na kuimba kwa sauti ya chini?

Nchini Brazili, samba ya mitaani huenda na ngoma nyingi. Surdo, ngoma kubwa ya sauti nzito, hushikilia mwendo. Tamborim, kingoma kidogo kinachopigwa kwa fimbo, huchomeka midundo yake katikati. Miaka ya 1950, João Gilberto, mzaliwa wa Juazeiro katika jimbo la Bahia, alizigawa kazi hizo katika mkono wake wa kulia. Kidole gumba kikawa surdo, kikigonga besi bila kuyumba. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vikawa tamborim: vinadonoa nyuzi tatu kwa pamoja, mara nyingi kabla tu ya pigo kutimia. Rekodi yake ya 1958 ya "Chega de Saudade", wimbo wa Antônio Carlos Jobim na Vinicius de Moraes, huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa bossa nova, mtindo unaochanganya samba na jazi.

Jazi iliingia kupitia mkono wa kushoto, unaobana nyuzi kuunda akodi. Muziki huo hupenda kurundika noti nne au zaidi kwa mpigo mmoja, na gumba pamoja na vidole vitatu vya mkono wa kulia vinatosha kabisa kuzitoa nne. Wapiga gitaa wengi wa jazi wa wakati huo walitumia gitaa la umeme, nyuzi za chuma na kipande cha plastiki cha kuchapia. Kipande kimoja hakiwezi kugonga besi huku kikidonoa nyuzi za juu zilizo mbali nayo.

Mpiga gitaa Mmarekani Charlie Byrd aliweza, kwa kuwa alikuwa amesomea gitaa la klasiki lenye nyuzi za nailoni, hata akafundishwa na Andrés Segovia, bingwa wa gitaa hilo. Mwaka 1961 alizuru Amerika Kusini kwa udhamini wa serikali yake, akaipenda bossa nova. Februari 1962, yeye na mpiga saksafoni Stan Getz walirekodi albamu ya "Jazz Samba" katika jengo la kanisa mjini Washington. Machi 1963 ilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu ya Billboard.

Hata hivyo, upande wa ngoma Byrd hakuuachia gitaa peke yake: katika albamu hiyo aliweka wapiga ngoma wawili.