Upole Si Upofu

Swali limerudi tena, safari hii kwa msomaji aliyepigwa na mchumba wake: "Dokta, upole wangu ndio ulionifanya nisione dalili? Nifanyeje niwe mkali?" Nimelijibu hadi nimechoka. Hapana.

Imani hii ina walimu wengi: wahamasishaji wanaouza tiketi za semina za "kuwa mgumu", wajomba kwenye vikao vya familia, mashoga wa saluni. Wote wimbo wao mmoja: mtu mwema haoni baya.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Meier, Robinson na Wilkowski waliwaonyesha watu maneno ya ukatili. Wapole hawakuyapita kama vipofu. Waliyapokea, na papo hapo yakawaamshia mawazo ya kusaidia. Mtafiti Abigail Marsh na wenzake walikuta mwaka 2007 kwamba waliotambua vizuri hofu kwenye uso wa mtu ndio waliokuwa wepesi wa kutoa msaada. Mwaka 2014 wakawapima watu waliotoa figo kwa wasiowajua: ubongo wao ulishtukia nyuso zenye hofu zaidi kuliko wa watu wengine. Hofu si hasira, najua. Lakini huyo ndiye mnayemwita kipofu?

Na huo ukali mnaoutamani? Tangu 1980 mwanasaikolojia Kenneth Dodge ameonyesha kwamba watoto wagomvi huona uadui hata pasipo na uhakika wa dhamira. Wakigongwa bila kujua kama ni makusudi, wameshaona vita. Hilo si jicho kali, ni jicho bovu.

Tatizo huja baada ya kuona. Mpole huiona ngumi iliyokunjwa, kisha huitafutia sababu: kachoka, kazini mambo magumu, kalelewa na baba mkali. Hutuliza. Huomba radhi asiyodaiwa. Na kabla hujanigeuzia maneno: mwenye kosa ni aliyepiga.

Kwa hiyo, upesi. Usihesabu sababu, hesabu matukio; yaandike na tarehe zake, uyaweke mwenzako asipofika. Sauti yake ikibadilika na akaanza kusogelea mlango, toka, kumwelewa kutasubiri. Amekukaba shingo, hata mara moja? Usingoje ya pili, hiyo ni miongoni mwa dalili nzito kabisa za mauaji. Mwambie mtu mmoja leo. Tanzania, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Kenya, piga 1195.

Upole wako usiuguse. Hauna ugonjwa.